Chambo hai au bandia? Ulinganisho kwa mvuvi wa sangara Ghuba ya Mwanza asiyetaka kuchagua kwa ushabiki

Anayetaka kuanza kuvua sangara kwa fimbo katika Ghuba ya Mwanza hakosi washauri. Akiulizia Kirumba, akaenda Luchelele, kisha akamalizia Igombe, kila mahali atapewa jibu lenye uhakika kamili, na majibu yenyewe yatapingana. Mmoja atamwambia kwamba sangara hali chambo kisichotapatapa. Mwingine atamwambia kwamba anayebeba ndoo ya kambare wadogo amepitwa na wakati. Wa tatu hataki kusikia habari za uzi wa kusuka, na wa nne hatii mtumbwi majini mwezi ukiwa mpevu. Makala hii inaiweka misimamo hiyo bega kwa bega, ili mtu mwenye fedha ya kununua seti moja tu ya vifaa ajue ananunua nini na ni maji gani yatakayomfaa.

Nina msimamo wangu katika jambo hili, na ni vema niuseme mapema. Karibu kila imani ya wavuvi ina ukweli uliozaliwa mahali fulani, kwa samaki wa ukubwa fulani, katika saa na msimu fulani. Inaharibika pale inapobebwa kwenda kwenye maji mengine bila kuulizwa maswali. Kwa hiyo nikilinganisha mbinu mbili, kwanza nitauliza kila moja ilitoka kwenye maji ya namna gani, kwa sababu swali hilo ndilo linalookoa fedha na samaki.

Ubishi huu si wa Mwanza peke yake

Nchini Marekani kuna samaki aitwaye besi mwenye mdomo mpana, ambaye pia alipandikizwa katika Ziwa Naivasha, Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1920. Wavuvi wake wanajulikana duniani kote kwa kung'ang'ania chambo kimoja, rangi moja au chapa moja ya fimbo maisha yao yote. Hata hivyo, rekodi ya dunia ya samaki huyo haikuipa ushindi kambi yoyote. George Perry aliiweka katika jimbo la Georgia tarehe 2 Juni 1932, kwa samaki wa kilo 10 na ushei, akitumia chambo bandia. Miaka 77 baadaye, tarehe 2 Julai 2009, Manabu Kurita alivua katika Ziwa Biwa, Japani, samaki aliyemzidi wa Perry kwa gramu chache mno, akitumia chambo hai. Kwa kuwa tofauti ya uzito ilikuwa ndogo kuliko kanuni inavyodai ili rekodi ihesabiwe kuwa imevunjwa, wawili hao waliandikwa kuwa wako sawa. Mvuvi wa Marekani anayedai kwamba besi mkubwa hanaswi ila kwa chambo fulani ana rekodi mbili za kujibu, na kila moja inamwelekeza upande wake.

Sisi hatuna besi. Tuna sangara, aliyeingizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na 1960, akaongezeka kwa kasi katika miaka ya 1980 na kubadilisha maisha ya mwambao wote. Ni samaki mwindaji kama besi, lakini anakua hadi ukubwa usiolinganishika naye. Kwa sababu hiyo baadhi ya ushauri wa wavuvi wa besi, ambao vijana wetu wanausoma kwenye simu, unafaa huku, na mwingine unapotosha kabisa. Nitaonyesha mfano wa upotoshaji huo nikifika kwenye rangi.

Chambo hai na chambo bandia

Hapa ndipo penye ubishi mkubwa, na ndipo penye fedha nyingi zaidi za kupoteza.

Tuanze na namna sangara anavyokula. Hana meno ya kukata. Mdomo wake umejaa vijino vidogo vinavyokwaruza kama msasa. Anachofanya ni kufungua kinywa ghafla na kuvuta maji pamoja na kilichomo ndani yake, kisha akammeza samaki mzima. Akiwa mdogo hula uduvi na wadudu wa majini; akikua huhamia kwenye dagaa, furu, na hata watoto wa sangara wenzake. Kwa hiyo chambo chochote, kiwe hai au bandia, kinashindana na chakula ambacho samaki huyo tayari anakijua na anakipata kila siku.

Chambo hai kinachopendwa zaidi ni kambare mdogo, na sababu yake ni nzuri. Kambare ana kiungo cha kupumulia hewa, hivyo hukaa kwenye ndoo yenye maji kidogo mchana kutwa, na akitundikwa kwenye ndoano anaendelea kuogelea kwa muda mrefu, wakati furu aliyewekwa kwenye ndoo hiyo hiyo ya maji moto hufa upesi. Ukimtoboa mdomo wa juu anavutika vizuri nyuma ya mtumbwi unaosogea polepole. Ukimtoboa kwenye nyama ya mgongo, bila kugusa uti, anazunguka mahali pamoja chini ya boya, na mtikisiko wake hauachi. Wavuvi wa ndoano wa ziwa zima wanalijua jambo hili, na hasa upande wa Uganda na Kenya wapo wafugaji wanaozalisha vifaranga vya kambare kwa ajili ya kuwauzia wavuvi hao. Mzee wa mshipi akimwambia kijana, "Mwanangu, samaki anataka kitu chenye uhai," anazungumza kutokana na ujuzi wa kweli, na kijana anafanya vema kuitikia, "Ndiyo, mzee," kabla ya kuuliza swali la pili.

Swali hilo la pili linahusu maji. Chambo hai kina nguvu zaidi usiku, baada ya mvua kubwa mito inapoingiza tope, na mahali ambapo mvuvi hawezi kusogea, kama juu ya mwamba au katika mtumbwi wa makasia uliotia nanga. Katika hali hizo samaki hutegemea harufu na mtikisiko kuliko macho, na kambare anatoa vyote viwili bila msaada wa mvuvi. Mtu aliyejifunza kuvua katika mazingira hayo atakuwa sahihi kabisa kusema kwamba chambo bandia hakina kazi. Amekosea tu kudhani kwamba ziwa zima liko hivyo wakati wote.

Udhaifu wa chambo hai ni mkubwa kuliko mashabiki wake wanavyokiri. Sangara akimeza kambare, anameza na ndoano. Ndoano ya kawaida yenye umbo la J huingia hadi tumboni, na samaki aliyenaswa tumboni hata akirudishwa majini ana nafasi ndogo ya kupona. Jambo hili lingekuwa dogo kama kila sangara angekuwa wa kupelekwa nyumbani, lakini sheria ya Tanzania hairuhusu kuvua sangara aliye chini ya sentimita 50, na karibu na ufuko wengi wanaouma ni wadogo kuliko hapo. Anayevua kwa ndoano ndogo na kambare mdogo ufukweni atawaua samaki ambao hana haki ya kuwachukua wala uwezo wa kuwarudisha wakiwa wazima. Dawa ipo: ndoano ya mviringo, ambayo ncha yake imekunjwa kuelekea kwenye shina. Samaki akimeza na kuanza kuondoka, ndoano hiyo huteleza kutoka kooni na kushika pembeni mwa mdomo. Sharti lake ni kwamba mvuvi asishtue fimbo. Akaze uzi taratibu tu na kuacha samaki ajinase. Wazee wengi wa mshipi wanaikataa kwa sababu mkono wao umezoea kushtua kwa nguvu, na kwa mkono huo kweli ndoano ya mviringo inakosa samaki. Si kosa la ndoano. Mtu anayeanza leo, ambaye mkono wake haujazoea lolote, hana sababu ya kununua nyingine kwa ajili ya chambo hai.

Kuna pia suala la mahali chambo kinapotoka. Chambo hai kilichokusanywa kwa kokoro au kwa chandarua ufukweni kinabeba pamoja nacho watoto wa sato na furu, na zana hizo zimepigwa marufuku. Ukinunua, nunua kambare, na muulize muuzaji wametoka wapi.

Chambo bandia kinafanya kazi kwa njia nyingine. Lauri Rapala wa Finland, aliyechonga chambo chake cha kwanza katika miaka ya 1930, alitaka kuiga mwendo wa samaki mgonjwa anayeyumba kati ya wenzake wazima, na wazo hilo ndilo lililomo katika vyambo vingi vinavyotumika kwa sangara mpaka leo. Mbele ya kichwa kuna ulimi wa plastiki au bati. Maji yakiupiga, chambo kinazama na kuyumba kulia na kushoto, na kadiri ulimi ulivyo mrefu ndivyo kinavyokwenda chini zaidi. Kwenye miamba ya ghuba ulimi huo una faida ambayo mgeni haioni dukani: kinapogonga jiwe, unatangulia ulimi, ndoano zikiwa nyuma yake, na kama chambo ni cha kuelea, ukiacha kuvuta mara moja kinapanda chenyewe kinyumenyume na kujinasua. Sangara mara nyingi huuma papo hapo, chambo kinapotulia baada ya kugonga. Anayeogopa kugusa jiwe, akakipitisha juu sana ili kukiokoa, ameiondoa ile sehemu ya mwendo inayomvutia samaki.

Nguvu ya pili ya chambo bandia ni eneo. Kambare chini ya boya anangoja sangara apite; chambo kinachokokotwa nyuma ya mtumbwi wa injini kinapita mbele ya samaki wengi kwa saa moja kuliko kambare atakavyokutana nao kwa jioni nzima. Nguvu ya tatu ni kwamba samaki hushikwa mdomoni mara nyingi zaidi, hivyo kumrudisha kunawezekana, hasa ukibadilisha zile ndoano za matawi matatu na kuweka za tawi moja.

Gharama yake ndiyo inayouma. Chambo kimoja kizuri kina bei ya kambare wengi, na ghuba ina njia nyingi za kukichukua: miamba, vipande vya nyavu vilivyotelekezwa chini, na magugu maji yanayosogezwa na upepo hadi kuziba hori lililokuwa wazi asubuhi. Palipo na magugu mengi, chambo chenye ndoano tatu zilizoning'inia hakivutiki hata mita chache. Hapo samaki wa mpira mwenye ndoano moja iliyofichwa mgongoni ni bora, na ni mojawapo ya mambo ambayo wavuvi wa besi wametufundisha vizuri, kwa kuwa besi naye anapenda kujificha kwenye majani.

Basi kipi? Kwa anayevua mchana, mwenye mtumbwi wa injini au wa kukodi, ninapendekeza chambo bandia bila kusita. Kwa anayevua usiku au jioni akiwa amesimama mahali pamoja, chambo hai chenye ndoano ya mviringo. Anayetaka kuwarudisha samaki wake majini asitumie kabisa chambo hai chenye ndoano ya J, hata kama ndicho kilichomfundisha kuvua.

Kwa nini kila kambi inaamini imeshinda

Chambo ambacho mvuvi anakiamini ndicho kinachokaa majini muda mrefu. Akifika asubuhi anakifunga hicho kwanza, wakati samaki wanakula. Asipopata kitu anavumilia, anabadilisha kina, anajaribu upande wa pili wa mwamba. Kile asichokiamini anakifunga saa sita mchana, jua likiwa utosini, anakirusha mara chache, kisha anakitoa akisema, "Si nilisema?" Jioni hesabu yake ni ya kweli: samaki wote wamekuja kwa chambo kile kile. Lakini vyambo hivyo viwili havikupewa nafasi sawa hata kidogo, na kila safari ya namna hiyo inaongeza uzito upande ambao tayari ulikuwa mzito. Naamini sehemu kubwa ya ukaidi wa wavuvi, wa hapa na wa Marekani, inatokana na jambo hili moja tu. Wala si ujinga, kwa sababu mtu anahesabu samaki alioshika kweli kwa mikono yake.

Kumbukumbu nayo inachagua. Sangara mkubwa aliyenaswa kwa chambo chekundu anasimuliwa kwa miaka; siku ambazo chambo hicho hicho kilirudi kitupu hazina msimulizi.

Anayetaka kujua ukweli wa maji yake anaweza kufanya jambo jepesi. Wawili wakae katika mtumbwi mmoja, kila mmoja na aina yake ya chambo, kwa kina kile kile, na wabadilishane kila baada ya muda waliokubaliana, ili mkono wenye ujuzi zaidi usije ukahesabiwa kuwa ni sifa ya chambo. Safari chache za namna hiyo zina thamani kuliko mabishano ya mwaka mzima. Ajabu ni kwamba wavuvi wenye misimamo mikali zaidi ndio wasiopenda kubadilishana fimbo.

Rangi

Katika maandiko ya wavuvi wa nje kuna kanuni moja inayorudiwa kila mahali: rangi nyekundu ndiyo inayopotea kwanza majini, na bluu ndiyo inayokwenda chini kabisa, kwa hiyo kwenye kina usitumie nyekundu. Vijana wa Mwanza wanaoisoma wanarudi kutoka dukani na vyambo vya bluu na fedha, na wanaweza kukueleza sababu kwa ufasaha.

Kanuni hiyo ni ya kweli baharini na katika maziwa yenye maji maangavu. Katika ghuba yetu siyo. Maji yaliyojaa mwani na chembe za tope humeza mwanga wa bluu upesi sana, na mwanga unaobaki kwenda chini unaelekea zaidi njano, machungwa na nyekundu. Ushahidi wake unaogelea kwenye miamba ya visiwa vya hapa hapa. Kuna aina mbili za furu zinazokaribiana sana: dume wa aina moja ana rangi ya bluu na kijivu na hukaa karibu na uso wa maji, dume wa aina ya pili, ambayo jina lake la kisayansi ni Pundamilia nyererei kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere, ana wekundu mgongoni na hukaa chini zaidi, kule ambako mwanga uliobaki ni wa rangi yake. Watafiti waliowachunguza katika Ghuba ya Mwanza walionyesha kwamba majike huchagua madume kwa rangi, na kwamba mahali ambapo maji yamechafuka sana tofauti ya rangi haionekani tena, na aina hizo mbili huchanganyika. Kama wekundu ungekuwa haufai kitu chini ya maji haya, furu huyo asingekuwa nao.

Hili halimaanishi kwamba chambo chekundu kitamleta kila sangara. Linamaanisha kwamba hoja ya kukikataa imeletwa kutoka maji mengine. Kabla ya kununua rangi yoyote, chukua sahani nyeupe ya plastiki, itoboe, ifunge kamba na jiwe, uishushe polepole upande wa mtumbwi wenye kivuli, na utazame inatoweka kwenye kina gani. Ikitoweka mapema sana, rangi haina maana kubwa kwa chambo kinachokokotwa chini kabisa. Kinachohitajika ni chambo chenye mtikisiko mkubwa au chenye vigololi vinavyogonga ndani, kwa kuwa sangara ana mstari wa hisia ubavuni unaopokea mtikisiko wa maji. Ikionekana kwa kina kirefu, kama inavyotokea ukitoka nje ya ghuba kuelekea Ukerewe, rangi ya fedha inayofanana na dagaa inaanza kuwa na hoja.

Na usiku? Cheusi. Samaki anayetazama juu anaona kivuli cha chambo dhidi ya mwanga hafifu wa anga, na cheusi ndicho chenye kivuli kilicho wazi kuliko vyote. Wapo wanaolikataa jambo hili kwa sababu halina mantiki kwao, lakini sijasikia hoja ya maana dhidi yake.

Kusimama mwambani au kukokota kwa mtumbwi

Wenye mitumbwi huwadharau wanaovua miambani, na wa miambani huwaona wenye mitumbwi kuwa ni watu wa kuchoma petroli. Tofauti kubwa kati yao ni ukubwa wa samaki wanaoweza kuwatarajia. Sangara wachanga hukaa zaidi kwenye maji ya kandokando, na wakubwa hutafutwa kwenye maji ya wazi na miamba ya visiwa vya mbali. Rekodi ya dunia ya sangara aliyevuliwa kwa fimbo, mwenye kilo 104, ilipatikana mwaka 2000 katika Ziwa Nasser, Misri. Kwa upande wetu, anayeota samaki wa aina hiyo huelekea Kisiwa cha Rubondo, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1977, ambako uvuvi wa kibiashara hauruhusiwi na uvuvi wa michezo unaruhusiwa kwa kibali.

Lakini wanaokokota wana imani moja inayowagharimu: kwamba samaki mkubwa yuko chini kabisa siku zote. Kuanzia karibu Septemba hadi Aprili maji ya Ziwa Victoria hujipanga kwa matabaka, na tabaka la chini kwenye maji ya kina hupungukiwa sana na oksijeni. Sangara ni samaki anayehitaji oksijeni nyingi, hawezi kukaa huko. Anayekokota chambo chake karibu na sakafu ya kina kirefu mwezi wa Februari anaweza kuwa anakipitisha mahali pasipo na sangara hata mmoja, huku samaki wakiwa juu yake. Kati ya Juni na Agosti upepo wa kusi huyachanganya maji yote, na hapo imani yake inarudi kuwa kweli. Msimamo mmoja, mtu mmoja, miezi miwili tofauti.

Kuna jambo jingine kuhusu kina. Sangara aliyevutwa upesi kutoka chini sana hufika juu mfuko wake wa hewa, ule ule ambao ukikaushwa unauzwa kwa jina la bondo, ukiwa umevimba. Kumwachia samaki wa namna hiyo hakumsaidii, kwa kuwa huelea ubavu bila kuweza kurudi chini. Anayetaka kurudisha samaki avue kwenye maji ya kina kifupi.

Kwa anayeanza, mwamba ni shule nzuri na ya bei nafuu, ila asiingie majini kwa miguu: kichocho kipo, na sehemu nyingine mamba wapo. Kwa mtumbwi, boya la kujiokolea livaliwe na lisikaliwe, na wingu jeusi likianza kujikusanya anayeongoza ageuze bila kusubiri samaki wa mwisho. Katika hili sitambui msimamo wa upande wa pili.

Uzi, na mwezi

Uzi wa kusuka ni mwembamba kwa nguvu ile ile, hauvutiki, na unampa mvuvi habari ya kila mguso. Uzi wa nailoni ni mnene, unavutika, na unastahimili zaidi kukwaruzwa. Wanaoupinga uzi wa kusuka wanasema ulikatika kwenye jiwe, na wanasema kweli. Wanaoutetea wanasema nailoni inavutika mno hadi ndoano haishiki kwa mbali, na hao pia wanasema kweli. Ubishi unaisha ukitumia vyote viwili: uzi wa kusuka kwenye rili (kikunjio cha uzi kilichofungwa kwenye fimbo), kisha urefu wa mita mbili hivi wa nailoni nene mwishoni. Kipande hicho cha mwisho si cha hiari. Ingawa meno ya sangara hayakati, kifuniko cha shavu lake kina kingo kali mno, na samaki huyo anaporuka juu ya maji akitikisa kichwa na mashavu yakiwa wazi, uzi mwembamba unaopita hapo unakatika papo hapo. Wengi wanaosema "uzi ulikatika kwenye jiwe" waangalie vizuri ulikatikia wapi.

Kuhusu mwezi, nitasema machache. Wavuvi wa dagaa hupumzika siku za mbalamwezi kwa sababu taa zao hazivuti dagaa vizuri kukiwa na mwanga angani, na imani kwamba sangara naye hali siku hizo huenda imetoka huko. Usiku wa giza, dagaa wakijikusanya chini ya taa, sangara huwafuata, na kuvua kando ya kundi hilo kuna faida ya wazi, ilimradi usiingilie nyavu za watu. Lakini hiyo ni sababu ya kupenda giza kwa anayevua usiku. Anayevua alfajiri kwenye miamba hana sababu ya kuahirisha safari kwa ajili ya mwezi.

Kwa fedha ya seti moja

Mwenye kutafuta kitoweo kutoka mwambani wakati wa jioni anunue fimbo ya urefu wa kutosha kurusha mbali, uzi wa nailoni wa wastani, chubwi chache, na ndoano za mviringo kubwa kiasi cha kuwaacha wadogo, kisha kambare kutoka kwa muuzaji anayeaminika. Awe pia na rula au alama ya sentimita 50 kwenye fimbo yenyewe, ili asilazimike kukadiria kwa macho huku samaki akikata roho.

Mwenye uwezo wa kukodi mtumbwi mara kwa mara anunue fimbo fupi na ngumu, rili yenye breki imara, uzi wa kusuka na nailoni nene ya mwisho. Vyambo vitatu vinamtosha: kimoja cha kuelea chenye ulimi mfupi kwa ajili ya miamba, kimoja chenye ulimi mrefu kwa miezi ya upepo wa kusi, na samaki wa mpira mmoja kwa ajili ya magugu maji. Kimojawapo kiwe cheusi. Fedha itakayobaki isinunue chambo cha nne. Inunue boya la kujiokolea, na kabla ya kushusha chombo aulize ofisi ya uvuvi au viongozi wa BMU (kikundi cha usimamizi wa uvuvi) wa mwalo husika kuhusu kibali na maeneo ya mazalia yaliyofungwa.

Na yule anayevua na mzazi au babu yake aliyezeeka na mshipi mkononi, ambaye hatabadilika kamwe kuhusu ndoano ya J na kambare hai, amwachie mshipi wake, amwombe tu avue mahali pa sangara wakubwa, na yeye mwenyewe afunge ndoano ya mviringo upande wa pili wa mtumbwi.